Nani Amemwona Akicheza?

Mwaka uliopita, kwa muda wa miezi mitatu, nilikuwa nikimaliza mazoezi ya kikapu ya jioni pale Upanga, Dar es Salaam, nawaaga vijana, kisha nabaki kwenye benchi la saruji na simu yangu nikikata vipande vya video hadi betri inapokaribia kuisha. Kijana niliyekuwa nikimshughulikia ana urefu wa mita 2.03 na wakati huo alikuwa na miaka 17. Hukimbia uwanja mzima kwenda na kurudi bila kuhema, na mpira ukishatua mikononi mwake hautoki. Video ilipokamilika ilikuwa ya dakika nne. Niliituma pamoja na barua ya kumwombea nafasi kwa makocha wasaidizi wa vyuo 43 vya Marekani, vikubwa kwa vidogo, nikihakikisha kwamba kila barua ina jina la mhusika ili asidhani kuwa ni tangazo lililotumwa kwa kila mtu. Walionijibu walikuwa wanne. Watatu kati yao waliuliza swali moja, kwa maneno yaliyokaribiana mno: nani amemwona akicheza?

Swali lile liliniudhi, kwa sababu mimi nimemwona. Nilimwona alipokuwa na miaka 13, viatu vikimbana, akiushika mpira kama mtu aliyebeba mtungi. Nimemwona akiwadakia watu wazima ribaundi, yaani mipira iliyokosa kikapu, juu ya vichwa vyao. Hata hivyo, nilipozisoma barua zile mara ya pili na ya tatu nilielewa kwamba hawakuwa wakiuliza juu ya macho. Walikuwa wanauliza kama yupo mtu wanayemfahamu wao, mtu ambaye jana yake waliweza kumpigia simu na kesho pia watampigia, atakayesema kwamba kijana huyu ni kweli. Mimi sikuwa mtu huyo, na video, hata ingekuwa nzuri kiasi gani, haikuweza kuwa mtu huyo.

Hapa mtaani tuna neno letu la koneksheni, nalo kwa kawaida hulitamka mtu aliyekata tamaa: fulani amepata kwa sababu anajuana na watu, mimi sikupata kwa sababu sijuani na mtu. Nimelitumia neno hilo kwa uchungu mara nyingi. Ila tangu majibu yale yafike nimekuwa nikilichunguza upya, na naona tumekuwa tukichanganya mambo mawili. Kuonekana ni jambo moja, na kuaminiwa na aliyekuona ni jambo jingine. Tumetumia nguvu zetu nyingi katika lile la kwanza, ilhali milango mingi hufunguliwa na la pili.

Ili hilo lieleweke, mtu inampasa amtazame kocha msaidizi wa chuo akiwa kazini. Divisheni ya Kwanza ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, ina vyuo takriban 360 vyenye timu za wanaume. Kwa miaka mingi kila chuo kiliruhusiwa kutoa ufadhili wa masomo kwa wachezaji 13, na tangu msimu wa 2025-26 vyuo vilivyoingia katika utaratibu mpya vinaweza kufika wachezaji 15. Huko Marekani kwenyewe wavulana wanaocheza kikapu katika shule za sekondari ni zaidi ya nusu milioni. Kocha huyo haruhusiwi kwenda kuwatazama wakati wowote apendao, kwani NCAA hupanga kalenda ya vipindi vya kuwaona wachezaji, na vile vya nje ya msimu wa shule ni wikiendi chache za majira ya kuchipua na siku chache za mwezi wa Julai. Akichagua vibaya, nafasi ya ufadhili imekwenda, mechi zinapotea, na yeye ni miongoni mwa wa kwanza kufukuzwa. Mtu aliyebanwa namna hiyo hatafuti mchezaji bora duniani. Hutafuta mchezaji ambaye hatamwaibisha, na njia fupi ya kumpata ni kuwauliza watu ambao hawakuwahi kumdanganya.

Ndiyo maana makocha hukusanyika mahali pamoja. Nike ilianzisha mzunguko wake wa mashindano ya vijana, EYBL, mwaka 2010, na kilele chake ni Peach Jam inayofanyika kila Julai huko North Augusta, South Carolina. Adidas na Under Armour nazo zina mizunguko yake. Makocha mashuhuri huketi bega kwa bega katika ukumbi mmoja, na kijana anayecheza vizuri mbele yao kwa saa moja anaweza kubadilisha maisha ya ukoo wake. Ila tazama jambo hili kwa makini: kuingia katika ukumbi ule hakuna usaili wa wazi. Kijana huingia kwa kuwa yumo katika timu fulani, na yumo katika timu ile kwa kuwa kocha wake alipigiwa simu na mtu. Kumbe hata kuonekana kwenyewe kumetanguliwa na kujuana.

Mfano ambao kizazi changu kiliukariri ni ule wa Tracy McGrady. Mwaka 1996 alikuwa kijana wa Auburndale, Florida, asiyefahamika nje ya kwao, akaalikwa katika kambi ya ABCD kule New Jersey, iliyoongozwa na Sonny Vaccaro, mtu aliyewafundisha watengenezaji wa viatu kuwekeza kwa vijana. Aliingia bila jina na katika siku chache akatoka akitajwa miongoni mwa vijana bora wa nchi nzima. Mwaka uliofuata alichaguliwa wa 9 katika drafti ya NBA, yaani zoezi ambalo timu za ligi kuu ya Marekani huchagua wachezaji wapya kwa zamu, bila kupita chuoni, na Adidas ikampa mkataba wa dola milioni 12. Sisi tuliisimulia hadithi hiyo kama ushindi wa kipaji, na kipaji kilikuwapo. Sehemu tuliyoiruka ni kwamba mwaliko ule ulitoka kwa mtu wa Florida aliyefahamiana na Vaccaro, na Vaccaro aliukubali kwa sababu alimwamini msemaji kabla hajamwona msemwa.

Watu wasiopenda maelezo haya hunitajia Ja Morant, nami nakubali kwamba kisa chake kinapendeza. Kocha msaidizi wa chuo cha Murray State alikwenda katika kambi moja kumtazama mchezaji mwingine kabisa, akasikia njaa, akatoka kutafuta kitu cha kutafuna, na njiani akasikia mpira ukidunda katika ukumbi mdogo wa nyuma, ambako Morant alikuwa akicheza watatu kwa watatu. Alipiga simu kwa kocha wake mkuu papo hapo. Mwaka 2019 Morant alichaguliwa wa pili katika drafti, nyuma ya Zion Williamson peke yake, ambaye waliwahi kucheza pamoja katika timu moja ya vijana ya South Carolina. Bahati ilimkuta Morant, lakini ilimkuta akiwa ndani ya jengo ambamo makocha walikuwamo. Kijana wangu wa Upanga hayumo hata katika ukumbi wa nyuma, na hakuna kocha atakayetoka kununua kitafunwa akajikuta Dar es Salaam.

Kisa kinachonifundisha zaidi ni cha Stephen Curry, nyota wa NBA, kwa sababu mwanzoni kinaelekea kupinga hoja yangu. Baba yake, Dell Curry, alicheza katika chuo cha Virginia Tech na baadaye NBA kwa miaka mingi, kwa hiyo kama koneksheni ni jina la ukoo tu, mtoto yule alizaliwa nayo. Hata hivyo Virginia Tech haikumpa ufadhili. Ilimtaka ajiunge bila ufadhili, kwani alikuwa mwembamba na mfupi. Aliyempa nafasi ni Bob McKillop wa Davidson, chuo kidogo cha North Carolina, naye alimfahamu Curry tangu akiwa na miaka kumi hivi, alipokuwa akicheza besiboli katika timu moja na mwanawe. McKillop alikuwa amemtazama kwa miaka, alikwisha kumwona akikosea na kurudi. Ujuano uliofanya kazi pale haukuwa ule wa jina la baba. Ulikuwa wa mtu aliyetazama kwa muda mrefu na ambaye neno lake lilikuwa na uzito mahali pa kuamulia.

Sasa tuje kwetu Afrika, ambako mnyororo huu unaonekana pete kwa pete. Mwaka 2003 NBA na FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, walileta kambi ya Basketball Without Borders Johannesburg kwa mara ya kwanza, na miongoni mwa vijana waliohudhuria alikuwa Luc Mbah a Moute wa Kameruni. Alikwenda Montverde Academy kule Florida, kisha chuo cha UCLA, kisha NBA, na alipofika huko alirudi kwao kuendesha kambi yake. Mwaka 2011 alimwona hapo kijana mrefu wa Yaoundé aliyekuwa ameanza kucheza muda mfupi tu, Joel Embiid, akamsaidia kupata nafasi Montverde, shule aliyosoma yeye. Miaka mitatu baadaye, akiwa amepitia chuo cha Kansas kwa msimu mmoja, Embiid alichaguliwa wa tatu katika drafti. Katika kambi hiyohiyo ya Kameruni alipita Pascal Siakam, ambaye baadaye aliichezea New Mexico State. Kameruni haikuanza ghafla kuzaa watoto wenye kipaji mwaka ule. Ilipata mtu mmoja ambaye akisema neno huko Florida, simu hupokelewa.

Bismack Biyombo wa Lubumbashi, ambaye lugha yetu ni lugha yake, alipita njia ndefu zaidi. Alitoka Kongo akiwa kijana wa miaka 16 hivi akaenda kucheza Yemen, kisha Hispania. Aprili 2011 aliitwa katika kikosi cha dunia cha Nike Hoop Summit, mechi ya vijana wa dunia dhidi ya wa Marekani, huko Portland, na usiku ule alifunga pointi 12, akadaka ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya katika mechi hiyo. Miezi miwili baadaye alichaguliwa wa 7. Hakuwahi kusoma chuo cha Marekani, kwa hiyo huenda msomaji akadhani simleti mahali pake. Namleta kwa sababu miaka yake yote ya jasho katika kumbi za Yemen haikuwa na thamani yoyote machoni pa wachaguzi mpaka ilipotafsiriwa kwa usiku mmoja mbele ya watu waliozoeleka, dhidi ya wapinzani waliokwisha kupimwa. Ndilo jambo ambalo kocha mmoja aliyenijibu alilisema waziwazi: video yako ni nzuri, lakini sijui hao anaowarukia ni akina nani.

Tanzania nayo ina ushahidi wake. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alianza kikapu akiwa na miaka kama 15, akamalizia sekondari Houston, Texas, akajiunga na chuo cha Connecticut mwaka 2006, na mwaka 2009 akawa wa pili katika drafti nzima. Ni kweli kwamba urefu wa mita 2.21 hujitangaza wenyewe. Ila nawasikia vijana wetu wakisema kwamba Hasheem alionekana kwa urefu wake, na nawauliza: ni warefu wangapi mmewaona Kariakoo wakibeba magunia? Baada yake tulisubiri muda mrefu. Atiki Ally Atiki wa Mwanza alipitia chuo cha kikapu kule London, Ontario, nchini Kanada, ndipo akapata nafasi Brigham Young, chuo cha Utah, mwaka 2021. Mwanza na Utah hazikukutana moja kwa moja. Palihitajika kituo cha katikati, mahali ambapo makocha wa vyuo walizoea kutazama.

Vituo vya namna hiyo sasa vinasogea karibu. NBA Academy Africa ilifunguliwa Senegal mwaka 2017, na Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL, ikaanza Kigali mwaka 2021. Khaman Maluach, mtoto wa Sudan Kusini aliyekulia Kawempe, Kampala, alipita katika akademia hiyo, akacheza BAL akiwa bado kijana mdogo, mara ya mwisho akiwa na City Oilers ya Uganda, akaiwakilisha nchi yake katika Olimpiki ya Paris 2024, kisha akaenda chuo cha Duke na mwaka 2025 akachaguliwa wa 10. Rais wa shirikisho la kikapu la Sudan Kusini wakati huo alikuwa Luol Deng, ambaye aliichezea Duke msimu wa 2003-04. Sisemi kwamba mlango ulifunguliwa kwa upendeleo, kwani Maluach alistahili kila alichopata. Nasema kwamba alikuwa na mashahidi katika kila kituo alichopita. Na hata hao wote hawakuweza kumkinga na kila kitu: Aprili 2025, wakati Duke ikiwa katika nusu fainali ya ubingwa wa vyuo, Marekani ilitangaza kufuta viza za raia wa Sudan Kusini, na hatima ya kijana yule ikawa mjadala wa wanasiasa.

Viza ndipo mahali ambapo hoja hii inakuwa nzito kwangu, na sitaipita haraka. Sheria ya Marekani humruhusu mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya F-1 kusoma katika sekondari ya umma kwa miezi 12 tu, tena baada ya kulipa gharama yote. Matokeo yake ni kwamba kijana wa Kiafrika anayetaka kuonekana na makocha wa vyuo kwa miaka miwili au mitatu analazimika kupata shule binafsi yenye idhini ya kutoa fomu ya I-20, karatasi ambayo mwanafunzi huihitaji ili kuomba viza. Nani anazijua shule hizo? Nani anajua ipi ina madarasa na ipi ina kibao tu mlangoni? Mtu wa kati. Mzazi wa Mbagala hana namna ya kuhakiki, kwa hiyo humkabidhi mtu huyo mtoto wake kwa kuangalia sura na suti. Mwaka 2018 mkuu wa shule moja ya Charlotte, North Carolina, alikiri mahakamani kwamba alipokea fedha ili kuwaombea karatasi makumi ya wanamichezo wa kigeni ambao hawakuwa wakisoma shuleni kwake.

Miaka kadhaa iliyopita bwana mmoja alikuja mazoezini kwetu akiwa na kadi za biashara na picha alizopiga na wachezaji maarufu. Alimtaka kijana mmoja miongoni mwetu. Mama yake alikuwa mjane anayeuza vitenge, na kabla ya kutoa fedha alinijia, akaniuliza, Mwalimu, huyu bwana unamwamini? Nilimjibu kwamba namwamini. Sikuwa na sababu yoyote zaidi ya matumaini yangu mwenyewe. Mama aliuza kiwanja chake cha Chanika. Kijana alifika Marekani akawekwa katika nyumba moja na wenzake zaidi ya kumi, akahamishwa shule mara mbili, na baada ya miezi 14 alirudi bila cheti chochote, akiwa amepitwa na mitihani ya kidato cha nne hapa nyumbani. Yule bwana hapokei simu tena. Mama bado hunisalimia tukikutana, na salamu yake ni ya heshima ileile ya zamani, jambo ambalo linaniumiza kuliko kama angenitukana. Nilikuwa shahidi, na nilishuhudia nisichokijua.

Kwa hiyo siwezi kuwaunga mkono wanaosema tatizo ni kwamba hatuna koneksheni na dawa yake ni kuzitafuta kwa namna yoyote. Huko Marekani kwenyewe imani hiyo iligeuzwa bidhaa. Septemba 2017 waendesha mashtaka wa New York walitangaza kukamatwa kwa watu 10, wakiwamo makocha wasaidizi wanne wa vyuo vikubwa na mkuu mmoja wa masoko ya kikapu wa Adidas, na miongoni mwa tuhuma ilikuwamo mipango ya kuilipa familia ya mchezaji mmoja dola 100,000 ili ajiunge na chuo cha Louisville. Waliohukumiwa hawakuwa wageni wa mchezo. Walikuwa haswa wale ambao neno lao liliaminiwa, wakaliuza.

Mambo yamebadilika tena tangu hapo. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaweza kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, ingawa wenye viza ya mwanafunzi wamebanwa sana katika hilo. Uhamisho kati ya vyuo umekuwa rahisi, na kocha aliyekuwa akihatarisha nafasi moja kwa kijana wa sekondari sasa anaweza kumchukua mtu wa miaka 22 mwenye misimu mitatu ya kumbukumbu, aliyekwisha kupambana na wapinzani wanaojulikana. Kwa kijana wa mbali maana yake ni kwamba mlango umekuwa mwembamba zaidi, na neno la shahidi limekuwa ghali zaidi.

Baada ya kuyatafakari hayo niliiacha video. Nilianza kuandika taarifa ya kila mwezi kuhusu kijana wangu na kuituma kwa wale wanne tu walionijibu, nikiomba wasimchukue, bali wasome. Nilipima kimo chake bila viatu, nikaandika hivyo. Niliandika alama zake za shule, pamoja na hisabati ambayo hakufanya vizuri. Niliandika majina ya timu za ligi ya mkoa alizokutana nazo na umri wa aliyekuwa akimkaba, ili hata asiyezijua ajue alikuwa akicheza dhidi ya watu wazima. Na niliandika kwamba mkono wake wa kushoto ni dhaifu, kwamba akisukumwa upande huo hupoteza mpira.

Kijana aliiona taarifa ya mwezi wa nne kabla sijaituma. Alisoma polepole, akanyamaza, kisha akasema, Kocha, shikamoo, samahani, hii ya mkono wa kushoto ni lazima iwemo? Nilimwambia kwamba ni lazima, mwanangu, kwa sababu ndiyo itakayowafanya waziamini zile nyingine. Hakupinga, ingawa niliona kwamba hakukubali. Tangu siku ile amekuwa akifika uwanjani nusu saa kabla ya wenzake na kudundisha kwa kushoto kando ya ukuta.

Mwezi wa saba, saa nne usiku kwa saa zetu, simu yangu iliita kwa namba ya nje. Alikuwa kocha msaidizi wa chuo kimoja cha miaka miwili, mmoja wa wale wanne. Hakuanza na urefu wala kuruka. Aliniuliza mkono wa kushoto unaendeleaje.